Maji Yanakoishia

"Hii siyo nyumba yangu," Mzee Kona alisema, akikigeuzageuza kipande cha mbao kiganjani kama mtu aliyeuziwa kiatu kisichomtosha. "Nyumba yangu ina baraza. Baraza liko wapi?"

Fundi Randa alikipokea kipande kile, akakipuliza vumbi, akakitazama kwa jicho moja. Kilikuwa kidogo kama kiberiti.

"Baraza hili hapa, mzee, nimelichonga. Ila nyumba ikipungua mpaka inaingia mfukoni, baraza nalo halibaki lile lile."

"Sikuipunguza mimi. Mnanipunguza nyinyi."

Waliojazana mlangoni mwa karakana wakacheka, na Mzee Kona mwenyewe akatabasamu kidogo kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Jina hilo alipewa kwa sababu ya duka lake lililokuwa penye kona ya kupandia mtaani, na hakuna aliyeingia wala kutoka asimwone. Uwanja wake wa nyuma ulikuwa mkubwa kuliko wa mtu yeyote pale.

Randa alirudi kwenye meza yake. Maranda yalimfika vifundoni. Tangu asubuhi alikuwa akikata, akipiga msasa na kupanga nyumba za watu kwenye mkeka: za vyumba viwili, za chumba kimoja, ile ya fundi viatu iliyoinama upande, msikiti mdogo, kanisa la mabati, choo cha shule. Kazi hiyo alipewa na yule msichana wa manispaa ambaye mtaa mzima ulimwita Binti wa Ramani. Alikuja na makaratasi yake mara ya kwanza, akayatandaza, na watu wakayatazama kwa heshima kama wanavyotazama picha za daktari za mifupa. Safari ya pili hakuyatandaza. Alimwomba Randa atengeneze ubao mkubwa wenye mlima wake na bonde lake, na nyumba zote juu yake, kila moja ya kuinuliwa kwa mkono.

"Nataka kila mtu aishike yake," alisema. "Ndipo tuongee."

Maana jambo lenyewe lilikuwa zito. Mtaa ule ulikuwa pembezoni kabisa mwa jiji, mahali ambapo lami inachoka na nguzo za umeme zinaanza kusimama mbali mbali. Watu walijenga walivyojaliwa: aliyefika kwanza alichukua pa juu, aliyechelewa alichukua bondeni. Hakuna aliyeacha njia ya gari la wagonjwa wala nafasi ya watoto kukimbia, na maji nayo hayakuachiwa pa kupita. Kisha mwaka juzi ikanyesha ile mvua. Huko juu zaidi, kwenye nyumba mpya za wenye nazo, kila kipande cha ardhi kilikuwa kimesakafiwa. Maji hayakupata pa kuzama, yakashuka yote kwa pamoja, alasiri moja, yakakomba safu nzima ya nyumba za chini.

Nyumba ya Randa ilikuwa katika safu hiyo. Yeye alikuwa kazini mjini. Mkewe alikuwa ametoka kumpelekea mteja nguo. Ndani alikuwamo mama mkwe peke yake, amejilaza, kama ilivyokuwa desturi yake baada ya chakula cha mchana. Maji yalipopungua, palibaki sakafu tupu, safi, kama imeoshwa kwa makusudi. Mama mkwe hakuonekana siku ile, wala siku zilizofuata.

Binti wa Ramani aliinama kwenye mkeka, akapitisha kidole juu ya nyumba zile ndogo.

"Kazi nzuri, fundi. Lakini ya kwako siioni."

"Ipo," Randa alisema. Kisha, kwa kuwa hakuzoea kusema uongo, akaongeza, "Haipo bado."

---

Watu walikuwa na utani wao juu ya Randa na mkewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani, naye walimwita Sindano. Basi walisema nyumba ile ina bahati, mmoja analainisha na mwingine anachoma. Na kweli zamani Sindano alikuwa na ulimi. Mteja aliyenenepa akidai nguo inambana kwa makosa ya fundi, alijibiwa palepale mpaka akaondoka anacheka mwenyewe.

Siku hizi aliongea kwa kipimo. Walikuwa wamepanga chumba kule juu, uani kwa Mwenyekiti wa mtaa, mama mnene aliyestaafu unesi ambaye bado aliongea na kila mtu kana kwamba amelala wodini. Kila kulipokucha Sindano alibeba ufagio akashuka bondeni, akaifagia ile sakafu isiyo na kuta. Alianzia palipokuwa chumba cha mama yake, akaja sebuleni, akamalizia palipokuwa mlango. Takataka hakuzirusha pembeni, alizitoa kwa mlangoni. Kisha Randa alimsaidia kuteremsha cherehani, wakafunga turubai kwenye miti minne, akaketi kushona hapo hadi jioni. Wateja walimfuata huko huko. Walizoea hata kusema "hodi" wakifika ukingo wa sakafu, na yeye akawajibu "karibu ndani."

Hakuwahi kusema "marehemu mama." Alisema "mama," basi.

Mpango uliopigiwa kura ulikuwa ukipita hapo hapo; ule mwingine wa Binti wa Ramani, uliotaka ardhi zaidi, ulishakataliwa. Mfereji wa zege, mnyoofu, kutoka juu hadi kwenye kalavati la barabara kuu, uyashike maji na kuyatoa mtaani mbio. Familia za safu ya chini zingehamia juu, kwenye vipande ambavyo kila mwenye uwanja mkubwa angevikata. Wenye viwanja walinung'unika, wakakubali, kwa sharti moja: chini asibaki mtu. Hawakuwa tayari kukata ardhi yao halafu wasikie fulani ameachiwa. Kwa hiyo mpango wote ulikuwa umesimama, unamngoja mtu mmoja aliyekaa kwenye sakafu yake anashona sare za shule.

"Sema neno moja tu," walimwambia Randa wenzake. "Si wewe mwenye nyumba?"

"Nyumba niliijenga mimi," Randa alijibu. "Kiwanja ni cha mama yake. Na hilo neno moja mnalolitaka, sinalo."

"Mwanaume hawezi kushindwa kusema na mkewe."

"Kusema nasema. Sitaki kumsemea."

Walimwona mdhaifu. Hilo alilijua, na lilimuuma zaidi ya alivyoonyesha. Lakini alikuwa amewahi kujaribu. Jioni moja alimwambia kwa upole kwamba pale hapafai tena kujengwa, na mkewe hakugomba, hakulia. Aliuliza tu: "Akirudi akakuta mfereji, atajua tumehamia wapi?" Randa alitafuta jibu mpaka chai ikapoa. Tangu hapo hakurudia.

---

Binti wa Ramani aliteremka siku mbili kabla ya mkutano wa kuamua. Randa alikuwa akikaza kamba za turubai. Msichana alivua viatu kwenye ukingo wa sakafu, na Randa akampenda kwa hilo.

"Hodi, mama."

"Karibu ndani. Kaa hapo, hapo ndipo palikuwa na kochi."

Binti akakaa chini, palipokuwa na kochi. Alikuwa mdogo, umri wa binti yao aliyeolewa mbali, na tope lilikuwa limekauka kwenye pindo la suruali yake. Cherehani ilikimbia, ikasimama, ikakimbia.

"Umekuja kuniomba," Sindano alisema bila kuinua macho.

"Nimekuja kukuonyesha. Ukitaka."

"Nionyeshe maji."

Binti alinyoosha mkono juu mlimani. Maji yatakusanywa pale, alisema, yataingia mferejini nyuma ya shule, yatapita hapa, yatafika kwenye kalavati la barabara kuu.

"Halafu?"

"Halafu yanatoka upande wa pili."

"Halafu yanaishia wapi?"

Msichana aliyatazama makaratasi yake. Hakujifanya anajua. "Sijui, mama. Ramani niliyopewa inaishia barabarani."

Sindano alikata uzi kwa meno. "Basi imeishia pale pale mume wangu alipoishia."

Randa aliacha kamba. Ni kweli. Siku zile alitafuta mpaka kwenye barabara kuu, na barabara yenyewe ilikuwa imekatika, polisi wamesimama, ng'ambo ni bahari ya matope. Alizuiwa. Alipoweza kuvuka, wiki zilikuwa zimepita, na mkewe alikuwa ameshaanza kufagia. Randa alihisi kwamba kwenda kutafuta tena kungekuwa kama kumnyang'anya ufagio mkononi. Sindano mwenyewe hakuwahi kwenda hata hatua moja upande ule; mtu lazima awepo nyumbani, alikuwa akisema.

Sasa aliifunika cherehani kwa kitambaa, akavaa ndala.

"Twende," alisema.

"Wapi?" mumewe akauliza.

"Yanakoishia."

---

Waliifuata njia ya maji wote watatu. Ilikuwa kavu, mchanga mweupe na mawe yaliyolazwa upande mmoja kama watu waliosinzia kwenye benchi. Sindano alitangulia. Kalavati walilipita kwa kuinama, na humo ndani sauti zao zikawa za watu wengine, basi wakanyamaza.

Ng'ambo palikuwa na machimbo ya zamani, kisha vichaka, kisha ardhi ikalala sawa kabisa, na mbele yao yakatokea matete, marefu kuliko mtu, kijani mpaka macho yanauma. Kati ya matete na njia palikuwa na matuta ya mboga, yamepangwa vizuri, na mifereji midogo ya kumwagilia. Juu ya mfereji mmoja palikuwa na daraja.

Randa alisimama. Lile daraja lilikuwa mlango. Aliutambua kabla hajajua kwamba ameutambua, kama mtu anavyogeuka akisikia jina lake sokoni. Mbao nne za kusimama, mbili za kulala, na kiraka cha umbo la jani pale fundo lilipokuwa limetoka. Alikitia mwenyewe, miaka mingi nyuma, mwezi waliohamia ile nyumba ya bondeni. Alichuchumaa akapapasa palipokuwa na bawaba. Matundu ya misumari yalikuwa yameziba kwa udongo.

Hakumwita mkewe. Hakukuwa na haja. Alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani mwake.

"Mnapita au mnanunua?" sauti iliuliza. Mama mmoja alitokea kwenye matuta, jembe begani, kitambaa kichwani kimefungwa kwa kukaza. Alimtazama Randa aliyepiga magoti juu ya daraja lake. "Usiliogope, baba. Limebeba hata ng'ombe."

"Naona," Randa alisema. "Mbao ngumu."

"Mlango huo uliletwa na maji. Kama ni wenu, chukueni."

Randa aliinuka, akapangusa magoti. "Hapana, mama. Mlango umeshapata kazi."

Mkulima yule alishusha jembe. Aliwatazama mmoja mmoja, akaishia kwa Sindano, na uso wake ukabadilika. Alikuwa ameelewa ni watu wa namna gani waliofika.

"Mlipotelewa na mtu," alisema.

"Mama yangu."

"Njooni mkae kivulini."

"Tutakaa baadaye," Sindano alisema. "Niambie kwanza."

Yule mama aliegemea mpini. Alieleza taratibu, bila kuongeza wala kupunguza. Maji yale yalileta watu watatu hapo. Mwanamume mmoja alitambuliwa, ndugu zake wakaja. Kijana mmoja naye vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mwanamke mtu mzima. Alikutwa ndani ya matete baada ya siku kadhaa. Watu wa serikali waliitwa, wakaja, wakaandika, wakasema kwa hali aliyokuwa nayo azikwe hapo hapo. "Tukamzika sisi. Mimi na mume wangu na hao jirani. Nilimfunika kwa nguo yangu mwenyewe, maana hakuja na kitu. Ila mguu mmoja ulikuwa na soksi."

Cherehani haikuwepo pale, lakini mikono ya Sindano ilikuwa ikifanya kama inanyoosha kitambaa.

"Mama akilala mchana huvaa soksi," alisema. "Miguu inamwuma kwa baridi."

"Wazee wengi huvaa soksi, mwanangu," yule mama alisema kwa upole. "Sitaki nikuuzie kitu nisichokijua. Sura sikuweza kuijua mimi, wala wewe usingeweza. Ninachojua ni kwamba tulimlaza vizuri."

Aliwapeleka. Ilikuwa sehemu iliyoinuka kidogo nyuma ya matuta, isiyofikiwa na maji, na mtu alikuwa ameipanga mawe kuizunguka. Majani yalikuwa yamepaliliwa. Binti wa Ramani alibaki nyuma, makaratasi yake ameyakumbatia kifuani.

Sindano alikaa chini. Kisha akaweka kiganja juu ya udongo, na Randa, aliyeishi naye miaka yote hiyo, akasikia kwa mara ya kwanza tangu mvua ile mkewe akimlilia mama yake. Hakulia kwa sauti. Alilia kama mtu anayefumua ushonaji, uzi kwa uzi, anasimama, anavuta, anaendelea. Randa alikaa kando yake, asimguse, mpaka alipohisi kichwa cha mkewe kimemwegemea.

Walipokuwa wakirudi kwenye matuta, yule mkulima alimtazama Binti na makaratasi yake.

"Na wewe, mwanangu? Unatafuta nani?"

"Mimi napanga mtaa wao, mama. Tunajenga mfereji."

"Wa kuleta maji huku?"

Msichana aliyashusha makaratasi.

"Huko juu kila mkijenga, hapa tunajua," yule mama alisema. Hakuwa na hasira, aliongea kama mtu anayetaja bei. "Zamani maji yalikuja yakitembea. Mwaka ule yalikuja kama lori lisilo na breki. Mkiyawekea zege, safari hii mtatuletea nini?"

---

Mkutano ulifanyika karakanani, kwa sababu ubao ule haukupita mlangoni tena. Watu walijaa mpaka nje. Mwenyekiti alisimama juu ya kigoda, akawanyamazisha kwa ile sauti yake ya wodini, na kila mtu akaitwa kuweka nyumba yake mahali pake. Ilikuwa kama mchezo mwanzoni. Mtu alisogeza, jirani akasogeza, wakacheka, wakasukumana kidogo. Njia ya gari la wagonjwa ikatokea kati yao, nyembamba, kisha pana. Nyuma ya shule palibaki peupe kwa watoto.

Kisha zamu ikafika kwa safu ya bondeni, na kicheko kikaisha. Macho yote yalimgeukia Sindano.

Alikuwa amevaa nguo nyeusi. Siku iliyotangulia hakushuka kufagia. Randa alimwona asubuhi akiuchukua ufagio, akausimamisha nyuma ya mlango, akarudi kukaa kitandani.

"Kiwanja cha mama yangu nakitoa," alisema.

Watu walishusha pumzi. Mmoja alianza kupiga makofi, akanyamazishwa.

"Sijamaliza. Sikitoi kwa mfereji." Akamgeukia Binti. "Ule mpango wako mwingine, ule walioukataa. Waeleze tena."

Binti alisogea mbele. Alikuwa ameueleza miezi iliyopita na kura zikamshinda. Sasa alianza kwa kusitasita, kisha sauti yake ikapata miguu. Badala ya mfereji, bwawa. Ukingo wa majani, mdomo wa mawe. Maji yanaingia, yanatulia, yanazama ardhini kidogo kidogo, na yanayobaki yanatoka polepole. Kiangazi panakuwa uwanja. Ila linataka nafasi kubwa. Na alisema lililokuwa gumu zaidi: kwamba alipouchora ule mfereji hakuwa ameuliza nani anaishi upande wa pili wa barabara.

"Wanaishi watu," Sindano alisema. "Wanalima. Walimzika wa kwetu." Hakuongeza neno. Alichukua kipande cha kitambaa cha buluu alichokuja nacho, masalio ya sare za shule, akachukua mkasi, akakikata palepale mbele yao, bila chaki wala kipimo, kwa umbo aliloelekezwa na Binti. Akakilaza juu ya ubao. Kilifunika kiwanja cha mama yake. Kilifunika safu yote ya chini. Na pembe yake ilipanda mpaka ikala kona ya uwanja wa nyuma wa Mzee Kona, na vipande vya wengine wanne watano.

Fundi viatu ndiye aliyeanza. Aliinua kinyumba chake kilichoinama, akakisogeza juu kidogo. Mwingine akafuata. Mama mmoja aliyekuwa na vyumba viwili vya kupangisha alikiinua chake, akakirudisha palepale, akatoka nje, akarudi macho mekundu, akakisogeza.

Mzee Kona hakusogea.

"Nimeshakata mara moja," alisema. "Nilikata kwa ajili ya jirani zangu, watu ninaowajua kwa sura. Leo naambiwa nikate kwa ajili ya watu wa ng'ambo ya barabara. Kesho watatokea wa ng'ambo ya mto. Nitabaki na nini, mlango wa duka?"

Wala hakuwa amesema upuuzi, na kila mtu alijua. Mzee Kona alikichukua kipande chake ubaoni, akakitia mfukoni mwa koti, akapita katikati ya watu akaondoka.

"Mfuate," mtu alimwambia Randa.

"Mwacheni," alisema Sindano. "Mimi niliachwa miaka miwili."

Asubuhi ya pili yake Randa alipofungua karakana, alikuta dirisha limesukumwa wazi na kipande cha Mzee Kona kimerudishwa ubaoni. Kilikuwa mbali na kitambaa cha buluu, kimesogezwa zaidi ya kilivyohitajika, na baraza lake limeelekezwa upande wa maji. Dukani, alipokwenda kununua misumari, hawakulizungumzia. Mzee alimpimia, akamwongezea kiganja kizima juu ya mizani, akamwambia mlango wa stoo yake unakwaruza chini, lini atakuja kuuchonga.

---

Kuchimba kulichukua kiangazi chote. Manispaa ilileta tingatinga kwa siku chache, kisha likahitajika kwingine, na sehemu iliyobaki watu waliimaliza kwa majembe na mikokoteni. Sakafu ile ilivunjwa siku moja ya jua na upepo. Sindano aliomba apige nyundo ya kwanza, akapiga, haikupasuka, akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini Randa aliyekuwa na sururu upande wa pili alikisikia, akalazimika kuinama kama anayetafuta kitu.

Mawe ya mdomo wa bwawa yalipangwa na mwashi kutoka kule kwenye matuta ya mboga, mume wa yule mama. Kila wiki Sindano alivuka barabara kuu na kurudi jioni na fungu la mboga na vumbi magotini. Wakati mwingine Randa alikwenda naye. Mara nyingi hakwenda.

Nyumba yao mpya ilisimama juu, kwenye kipande kilichokuwa cha Mzee Kona, ndogo kuliko ya zamani. Mvua ya kwanza iliikuta haijaisha. Randa alikuwa akipachika mlango, skrubu tatu mdomoni, aliposikia bati la jirani linaanza kugongwa, kwanza tone tone, kisha lote kwa pamoja. Mlimani kulikuwa kumefunga mawingu, kweusi. Alikaza bawaba ya juu, akaacha ya chini inaning'inia, akatoka.

Mtaa mzima ulikuwa ukingoni mwa bwawa. Walisimama chini ya miavuli, chini ya mabeseni, chini ya chochote. Binti wa Ramani alikuwa miongoni mwao, nywele zimemgandama usoni, anang'ata kucha. Kwa juu nyuma ya shule maji yalitokea, ya kahawia, yamebeba majani na kandambili na povu, yakashuka kwa ile sauti yao waliyoijua wote. Mtu mmoja akamvuta mwanawe karibu. Yakaufikia mdomo wa mawe. Yakajikwaa. Yakaingia bwawani yakizunguka, kama ng'ombe walioingizwa zizi wasilolizoea, yakaanza kutambaa kwenye majani.

Yalizidi kuja. Hakuna aliyejua yatasimama wapi.

Randa alimtafuta mkewe kwa macho, akamwona ng'ambo ya bwawa, ameshuka ukingo peke yake. Alikuwa amevua viatu, amekunja pindo la nguo kwa mkono mmoja. Maji yalimfikia vidoleni. Alirudi nyuma hatua moja, akasimama. Yakamfikia tena, naye akarudi hatua nyingine, bila haraka, kama mwenyeji anayempisha mgeni aingie.